Kiti cha Mtoto Kinachotazama Nyuma: Kukichagua na Kukifunga katika Magari ya Kibaha na Kisarawe

Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ni gamba la plastiki ngumu lenye mikanda yake, linalofungwa kwenye siti ya gari kiasi kwamba mgongo wa mtoto unaelekea kule gari linakokwenda na uso wake unaelekea buti. Gari likigonga kitu kwa mbele, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule lililokuwa nao. Mtoto aliyetazama mbele huzuiwa na mikanda mabegani na kiunoni, lakini kichwa hakina kinachokizuia isipokuwa shingo. Aliyetazama nyuma huzama kwenye egemeo la kiti chake: kisogo, mgongo na makalio hupokea nguvu kwa pamoja, na shingo haivutwi.

Sababu ya kumtofautisha mtoto na mtu mzima iko kwenye umbo lake. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni sehemu moja kati ya saba au nane. Pingili za shingo yake bado ni vipande vya mfupa vilivyoshikizwa kwa gegedu, na vipande hivyo huungana taratibu, vingi vyake kati ya umri wa miaka 3 na 6. Kano zinazozishika pingili hizo nazo ni laini na hunyumbuka, lakini uti wa mgongo uliomo ndani yake haunyumbuki kwa kiasi hicho. Ndiyo maana mtoto anaweza kuumia vibaya shingoni hata kama ngozi yake haina mchubuko.

Njia iliyozoeleka Pwani, kama kwingineko nchini, ni kumpakata. Mama au bibi hukaa siti ya nyuma, na mara nyingi ya mbele kwa heshima, mtoto akiwa mapajani amefungwa kwa khanga. Hesabu ya mikono hiyo haihitaji maabara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hutembea takriban mita 14 kwa sekunde. Likisimama ghafla ndani ya nusu mita, yaani nafasi ambayo boneti hujikunja likigonga lori, mtoto wa kilo 10 huhitaji nguvu ya karibu kilo 200 kumzuia asirushwe. Hayo ni magunia mawili ya mahindi, na yanakuja bila taarifa ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mkono wa binadamu unaoyashika. Kumfunga mtoto pamoja na mtu mzima ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wa mkubwa humkandamiza mdogo kwenye mkanda.

Wazo la kumgeuza mtoto lilitoka Sweden. Mwaka 1964 Bertil Aldman, daktari aliyekuja kuwa profesa wa usalama wa barabarani katika Chuo Kikuu cha Chalmers mjini Gothenburg, alitengeneza kiti cha kwanza cha majaribio cha namna hiyo. Alikuwa ameona jinsi wanaanga wa Marekani wa mpango wa Gemini walivyolazwa chali ili mgongo mzima ubebe msukumo wa roketi. Kampuni ya Volvo ikalifuatia wazo hilo, na kufikia mwaka 1972 ilikuwa ikiuza kiti chake cha kutazama nyuma. Wakati wa majaribio ya Aldman, nchi za Nordiki, Sweden ikiwemo, zilikuwa zinajenga Kibaha kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Katika miradi hiyo ndimo ilimoanzia Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa na hupokea majeruhi wengi wa Barabara ya Morogoro. Nchi hizo zilileta shule, zahanati na ng'ombe wa maziwa. Desturi ya Wasweden ya kumsafirisha mtoto akitazama nyuma hadi afikishe miaka 4 haikuja pamoja navyo, na haikutarajiwa ije, kwa kuwa magari ya kubebea watoto yenyewe yalikuwa ya kuhesabika.

Sasa yapo. Kutoka Kiluvya hadi Maili Moja, Picha ya Ndege, Kongowe na Mlandizi, mamia ya familia zina gari dogo la mtumba kutoka Japani: IST, Vitz, Passo, Noah, Probox. Wazazi wanafanya kazi Dar es Salaam na kurudi kulala Kibaha, na upanuzi wa kilomita 19.2 kati ya Kimara na Kibaha kuwa njia nane umewavuta wengine zaidi. Barabara pana imepunguza foleni na kuongeza mwendo. Mbele ya hapo, kuelekea Chalinze, magari madogo hupishana na malori na mabasi ya mikoani, na kuovateki vibaya huzaa ajali ya uso kwa uso, yaani aina ileile ya ajali ambayo kiti cha kutazama nyuma kiliundwa kwa ajili yake. Kisarawe hali ni nyingine kidogo. Kutoka Pugu hadi mjini Kisarawe kuna lami yenye kona na miteremko ya vilima vya Pugu. Ukielekea Maneromango na Mzenga, magari ya familia ni machache, na mtoto husafiri kwa bodaboda, bajaji, daladala au gari la kukodi.

Sheria haijamsaidia sana mzazi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa wakati kiti cha mtoto hakijawa suala la kutungiwa kifungu nchini, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa ya vizuizi vya watoto kwenye magari. Asasi za kiraia zimedai kwa miaka mingi sheria hiyo irekebishwe ili iguse mambo matano: mwendokasi, ulevi, kofia ngumu, mikanda na vizuizi vya watoto. Shirika hilohilo hukadiria kwamba kiti kinachotumika ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa takriban asilimia 70. Ni vifaa vichache vya gari la kawaida vyenye faida kubwa kiasi hicho, na hiki hakihitaji askari mwenye tochi ndipo kitumike.

Uchaguzi huanzia kwenye gari, dukani baadaye. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea: hununua kiti kizuri, kisha hugundua kwamba siti ya nyuma haina pa kukifunga. Magari mengi ya mtumba yana mikanda ya nyuma ambayo haijawahi kuguswa tangu yashuke bandarini. Fundi alipovalisha makava ya siti, sehemu ya kuchomekea mkanda ilizama chini ya godoro la siti pamoja na maganda ya karanga na sarafu. Kazi ya kwanza ni kuifukua. Siti ya nyuma huinuliwa au mkono hupitishwa kwenye mwanya kati ya egemeo na kalio, kishikizo kikatolewa juu, na ulimi wa mkanda ukachomekwa mara kadhaa kuona kama unashika na kuachia. Kisha mkanda huvutwa wote. Uliochanika pembeni, uliokauka kama kamba ya jua au usiorudi wenyewe haufai kumfunga mtu yeyote, mkubwa au mdogo.

Mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, ndio unaotakiwa na viti vingi vya Ulaya. Katikati ya siti ya nyuma ya magari madogo mara nyingi pana mkanda wa kiunoni tu. Baadhi ya viti vya Marekani hukubali mkanda huo, vya Ulaya kwa kawaida havikubali. Urefu wa mkanda nao una maneno. Kiti cha mtoto mchanga hufungwa kwa kuupitisha mkanda wa kiunoni juu ya kiti na wa begani kwa nyuma yake, na katika gari dogo hutokea mkanda ukaisha kabla haujafika kwenye kishikizo. Jambo hili halionekani kwenye picha ya dukani. Hujulikana kwa kukijaribu kiti ndani ya gari lenyewe kabla ya kulipa, na muuzaji asiyekubali jaribio hilo ni wa kuachwa.

Magari ya karibuni yana ndoano za ISOFIX: vitanzi viwili vya chuma vilivyoachana kwa sentimita 28, vilivyojificha pale egemeo linapokutana na kalio la siti. Japani iliviwekea sharti kwenye magari mapya mwaka 2012. Yaliyotoka kiwandani kabla ya hapo, ambayo ndiyo mengi barabarani, mengine yanavyo na mengine hayana, hata ya jina na sura moja. Atakayetaka kujua huingiza vidole na kupapasa. Kiti cha ISOFIX kilichonunuliwa kwa gari lisilo na vitanzi hivyo, na ambacho hakikubali mkanda, ni samani ya sebuleni. Kwa hali ya magari ya hapa, kiti kinachokubali njia zote mbili, au mkanda peke yake, ndicho chenye manufaa zaidi. Familia ikibadilisha gari au ikikodi la jirani, kiti huhamia humo.

Nafasi bora ndani ya gari ni siti ya nyuma upande wa kushoto. Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo mlango huo hufunguka upande wa pembeni mwa barabara, na mzazi humtoa mtoto akiwa mbali na malori yanayopita. Katikati ni mbali zaidi na milango, jambo ambalo lina faida gari likigongwa ubavuni, ila katika Vitz au Passo pana mwinuko na wembamba unaokifanya kiti kiyumbe. Kiti kilichotulia kushoto ni salama kuliko kinachoyumba katikati. Kiti kikubwa cha kutazama nyuma hula pia nafasi ya siti ya mbele. Ikiwa baba ni mrefu na yeye ndiye dereva, kushoto ndiko kunakobaki.

Siti ya mbele ni marufuku kwa kiti hiki iwapo mfuko wa hewa wa upande wa abiria unafanya kazi. Mfuko huo hufumuka kutoka kwenye dashibodi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, na mgongo wa kiti cha mtoto huwa umeukaribia kabisa. Marekani ilizika watoto wachanga kwa sababu hiyo katika miaka ya 1990, wengine katika migongano midogo ambayo dereva alitoka bila kuumia, kabla ya onyo kuenea. Herufi SRS zilizochongwa kwenye dashibodi mbele ya abiria ndiyo dalili ya kuwepo kwa mfuko huo. Onyo kwenye kizuia jua cha gari la Japani huwa limeandikwa Kijapani, hivyo picha ya mtoto iliyofutwa kwa mstari mwekundu ndiyo ya kutazama. Kwa gari lenye safu moja tu ya siti, kama pikapu au kirikuu, kiti kinaweza kufungwa mbele pale tu ilipothibitika kwamba upande wa abiria hauna mfuko wa hewa na mkanda ni wa pointi tatu.

Baada ya gari huja mtoto, na kipimo chake kipo nyumbani tayari. Kadi ya kliniki huandikwa uzito kila mwezi, na uzito ndio uliogawa viti katika kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa, R44: kundi 0 hadi kilo 10, kundi 0+ hadi kilo 13, kundi I kuanzia kilo 9 hadi 18. Kanuni mpya, R129, iliyoanza mwaka 2013, hutumia urefu kwa sentimita, huongeza jaribio la kugongwa ubavuni, na humlazimu mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani ana kilo 9 hivi akitimiza mwaka na kilo 12 hivi akitimiza miaka miwili. Kwa hiyo kiti cha kilo 13 kingeweza, kwa uzito peke yake, kumfikisha zaidi ya miaka miwili; kwa kawaida kichwa hukiwahi. Kichwa kikifika ukingo wa juu wa gamba, kiti kimekwisha kazi hata kama kilo zimebaki. Miguu kugusa egemeo la siti au kukunjwa si kigezo. Watoto hukaa miguu imekunjwa mkekani kutwa nzima bila malalamiko, na magoti ya aliyetazama nyuma hayamtishii kama shingo ya aliyegeuzwa mapema.

Kwa hiyo mnunuzi ana njia mbili. Ya kwanza ni kiti chepesi chenye mpini, cha tangu kuzaliwa hadi kilo 13, kisha kingine kikubwa. Ya pili ni kiti kimoja kinachogeuzwa, kinachoanza kwa kutazama nyuma na kuishia kutazama mbele. Cha pili huonekana nafuu kwa mfuko, lakini vingi humlaza vibaya mtoto wa wiki chache, na ni kizito kuhamisha. Kwa familia isiyo na gari lake, ambayo hukodi au kuomba lifti ya ndugu mara moja moja, cha mpini hakina mpinzani: hubebeka mkononi, hufungwa kwa mkanda kwa dakika chache, na mtoto hutoka nacho akiwa amelala. Kwa familia yenye gari na inayosafiri kila siku kati ya Kibaha na mjini, ni vyema kuanza na cha mpini, kisha kutafuta kikubwa ambacho hutazama nyuma hadi kilo 18 au sentimita 105, yaani karibu na miaka 4.

Ubora wa kiti husomwa kwenye kibandiko, wala si kwenye rangi wala unene wa sponji. Kiti cha soko la Ulaya hubandikwa lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 5 Sweden, 11 Uingereza. Chini yake huwa na namba ya kanuni, R44/04 au R129, pamoja na kilo au sentimita zinazoruhusiwa. Kiti kilichoandikwa R44/01 au 02 ni cha zamani mno. Cha Marekani hakina duara hilo. Huwa na sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba kinatimiza viwango vyote vya shirikisho vya usalama wa magari, na mikanda yake huwa na klipu ya kifuani ambayo vya Ulaya kwa kawaida havina. Sweden ina jaribio la hiari liitwalo Plus Test, linalopima mvuto wa shingo; hakuna kiti cha kutazama mbele kinacholifaulu, na kibandiko chake kikikutwa ni ushahidi mzuri.

Kariakoo na kwenye maduka ya vitu vya watoto huuzwa pia vibebeo vyenye mpini na kitambaa cha maua ambavyo ni bembea za kumlaza mtoto sebuleni. Kwa macho vinafanana na kiti cha gari. Tofauti huonekana kwa kuvipindua: gamba jembamba linalokunjika kwa vidole, mikanda ya pointi mbili au tatu iliyoshonwa kwenye kitambaa, wala hapana njia ya kupitishia mkanda wa gari. Kuna aina nyingine mbaya zaidi, mto wa kitambaa wenye kamba za kufungia kwenye egemeo la siti, usio na gamba kabisa. Muuzaji atasema ni orijino kutoka Dubai. Dubai yenyewe iko katika Falme za Kiarabu, ambako tangu Julai 2017 mtoto wa hadi miaka 4 hulazimika kukaa kwenye kiti kilichoidhinishwa, na mto wa kitambaa haungepita huko.

Mtumba unahitaji maneno yake, kwa sababu viti vingi vinavyofika Pwani ni vya mtumba, na idadi inaweza kuongezeka: tangu Septemba 2024 viti vipya vya R44 havikuruhusiwa tena kuuzwa katika Umoja wa Ulaya, na familia za huko zinahamia R129. Kiti cha R44/04 kilicho kizima bado kina kazi nzuri ya kufanya Kibaha. Tatizo ni kuujua uzima wake. Plastiki iliyopata ajali inaweza kuwa na ufa mwembamba chini ya kitambaa, au sponji ngumu nyeupe iliyovunjika upande wa kichwa. Anayenunua avue kitambaa chote, aelekeze gamba kwenye mwanga, apitishe kidole kwenye kingo, kisha atafute tarehe ya kutengenezwa, ambayo huchongwa kwenye plastiki kwa duara dogo lenye mshale wa mwezi. Watengenezaji wengi hukipa kiti maisha ya miaka 6 hadi 10. Mikanda iliyopauka na kunusa jiki ni ya kukataa, kwani dawa ya kung'arisha hula nyuzi zake, na wauzaji huitumia kwa nia njema kabisa ya kukifanya kiti kipendeze. Kilicho salama kuliko mtumba wa sokoni ni kuazimana. Mtoto hutumia kiti cha mpini kwa mwaka mmoja hivi, na ndugu anayekijua kiti chake tangu dukani anaweza kukipitisha kwa mdogo wake, kwa binamu, kwa jirani wa Mkuza. Nchi kadhaa zimeendesha mipango ya kuazimisha viti katika wodi za wazazi. Hospitali kama Tumbi ingekuwa mahali pafaapo kwa mpango wa namna hiyo.

Ufungaji ndio unaoharibu kazi nzuri ya ununuzi. Makava ya ngozi bandia huteleza, na kiti kilichofungwa juu yake huonekana kimekaza siku ya kwanza kisha kikacheza baada ya safari moja ya vumbi. Kava la sehemu hiyo livuliwe. Kiti kikishakaa, mkanda hupitishwa kwenye njia yenye alama za buluu, kwa kuwa nyekundu ni za kutazama mbele. Mzazi huegemea kiti kwa mkono mmoja au goti huku akivuta mkanda kwa mwingine. Mikanda ya baadhi ya magari, ikivutwa hadi mwisho kisha ikaachwa irudi, hulia ti-ti-ti na kujifunga. Isiyofanya hivyo hutegemea vibanio vya kiti chenyewe. Halafu kiti hushikwa pale mkanda unapopita na kutikiswa. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5 kulia, kushoto au mbele, kifungwe upya. Sehemu ya juu, upande wa kichwa, inaweza kunesa kidogo, na hilo halina ubaya.

Mlalo una mipaka miwili. Kiti kikisimama wima mno, kidevu cha mtoto mchanga huangukia kifuani na kubana njia ya hewa. Kikilala mno, mtoto anaweza kupanda juu ya gamba gari likigonga. Kwa mchanga hulengwa nyuzi 45 hivi, na viti vingi vina mstari wa kuonyesha, ambao husomwa gari likiwa mahali tambarare. Siti za magari mengi zimeinamia nyuma, hivyo khanga iliyoviringishwa kwa nguvu huwekwa chini ya kiti upande wa egemeo la gari ili kurekebisha mlalo, kama kitabu cha maelekezo kinaruhusu.

Mtoto huvishwa nguo ya kawaida, si sweta nene wala shali aliyoviringishwa tangu nyumbani. Mikanda ya mabega hutokea usawa wa bega au chini yake kidogo, hukazwa mpaka vidole viwili vishindwe kukunja mkanda kwenye mfupa wa bega, kisha mtoto hufunikwa khanga kwa juu. Kigodoro cha ziada chini ya mgongo, hata kile kizuri kilichoshonwa na shangazi, hubonyea wakati wa ajali na kuiacha mikanda ikiwa imelegea.

Joto la Pwani huleta hatari yake. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda kwa nyuzi 10 au zaidi katika dakika 10, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii kitu. Mtoto haachwi humo hata kwa muda wa kununua vocha. Kiti kitupu hufunikwa kitambaa cheupe, na chuma cha kishikizo hujaribiwa kwa mkono kabla ya kumfunga mtoto. Kwa mtoto wa wiki chache safari isizidi nusu saa bila mapumziko, jambo gumu pale foleni ya Mbezi inapokaza, na kwa hiyo ni vizuri safari za kwanza zipangwe nje ya saa za kwenda na kutoka kazini. Akilia kwa njaa gari husimamishwa. Kunyonyesha gari likienda ni kumrudisha mapajani.

Wapo wanaouliza itakuwaje gari likigongwa kwa nyuma. Migongano hiyo kwa kawaida ni dhaifu kuliko ya uso kwa uso, kwa kuwa magari yote mawili yanaelekea upande mmoja na tofauti ya mwendo ni ndogo.

Swali gumu zaidi ni la mtoto wa Maneromango. Kwenye bodaboda na bajaji kiti hiki hakina pa kufungwa, na kiti kisichofungwa hurushwa pamoja na mtoto. Siti nyingi za daladala hazina mikanda. Kwa familia hizo manufaa yako kwenye safari chache zinazochagulika: kurudi hospitali baada ya kujifungua, rufaa ya kwenda Tumbi au Muhimbili, harusi au msiba unaokodishiwa Noah. Anayekodi anaweza kuuliza mapema kama siti ya kati ina mikanda ya pointi tatu inayofanya kazi, na kumtaka dereva aifukue kabla ya siku ya safari. Madereva hushangaa kuulizwa, kisha huifukua. Hayo ni machache, na daladala lenye mikanda ni suala la wamiliki na mamlaka kuliko la mzazi.

Kumgeuza mtoto atazame mbele hakuna haraka. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambacho awali kilitaja miaka miwili, mwaka 2018 kiliacha kutaja umri na kushauri atazame nyuma hadi afikie ukomo wa uzito au urefu wa kiti chake. Siku ya kuzaliwa kwake haibadilishi chochote shingoni. Kinachoamua ni kadi ya kliniki, ukingo wa gamba na maandishi ya kibandiko.

Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa hakitumiki tena, hata kama mtoto hakuwemo. Kabla ya kutupwa, mikanda yake hukatwa kwa kisu na gamba huandikwa kwa rangi kwamba kimeharibika, la sivyo kitaoshwa, kitakaushwa na kurudi sokoni.